Mama Ngoja, Msomi Aliyesimamisha Sherehe ya Askofu

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha kinyozi, mwaka ule kiwanda cha sabuni kilipoungua na mtaa mzima ukanukia usafi kwa majuma kadhaa. Kinyozi mwenyewe ndiye baba yake. Mama yake alishona mashuka ya hospitali kwa cherehani ya miguu. Alibatizwa akingali mchanga, na wazee wa parokia husimulia kwamba padre alipommwagia maji alilia, kisha akanyamaza ghafla na kukazia macho dari ya kanisa. Wapo wanaoiona hiyo kuwa ishara. Watoto wengi hutazama dari, ni kweli, lakini wachache hukua wakaijua.

Wito wake ulimjia shuleni. Mvua kubwa iliangusha ukuta wa darasa usiku, wakati darasa halina mtu, na asubuhi wanafunzi wenzake wakaimba kwa furaha kuwa hakuna masomo. Yeye alimwendea mtawa aliyewafundisha hesabu akamwuliza kwa nini Mungu ameangusha ukuta. Mtawa yule, mwanamke asiye na maneno mengi, alimjibu: "Mwanangu, Mungu hakuujenga." Tangu siku hiyo binti wa kinyozi alitaka kujua nani hujenga, kwa hesabu gani, na kwa nini vitu husimama. Alipita shule, akapita chuo kikuu, akapanda shahada juu ya shahada, mpaka akaitwa daktari pasipo kumchoma mtu sindano. Baba yake alitundika kila cheti pembeni ya kioo cha kinyozi. Mteja aliyekuja kunyoa ndevu ilimbidi kwanza asikilize alama za binti, na wembe ukishakuwa kooni, nani abishe?

Alirudi nyumbani kufundisha uhandisi wa majengo katika chuo kikuu cha mji wao. Hakuolewa, alisema amekwisha kuwa na watoto wengi kuliko viti vya darasani. Misa ya alfajiri hakuikosa. Parokia ilipoamua kujenga kanisa jipya, nani mwingine angeombwa kuchora paa? Alilichora bila malipo, paa la bati jepesi juu ya kenchi za mbao, na kila ubao aliupigia hesabu yake.

Hapo ndipo jaribu lilipomvizia, nalo halikuja na pembe wala mkia. Lilikuja limevaa kitenge. Akina mama wa parokia walikuwa wamechanga kwa miaka ili kanisa liezekwe kwa vigae vya udongo, vyekundu, vya kupendeza, na zaidi ya yote visivyopiga kelele wakati wa mvua. Walimkuta uwanjani baada ya Misa, mwenyekiti wao akiwa mbele.

"Mwanetu, wewe ndiye msomi wetu. Paa litabeba vigae, au halibebi?"

Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Kinyozi naye alikuwapo, kifua mbele. Jibu la haki lilikuwa kwamba hajui, na kwamba anahitaji kalamu na jioni moja. Lakini alikuwa daktari wa majengo, mama zake wanamtazama, na aliona haya kuonekana hajui. Akasema: "Litabeba, mama zangu." Wakapiga vigelegele. Fundi wa nyundo na misumari asingefanya kosa hilo, wala mtoto wa darasa la tatu. Ni kosa la aliyesoma sana peke yake: kudhani kwamba cheti kinajibu kabla ya mwenye cheti kufikiri.

Vigae vikapandishwa. Watoto wa mafundisho wakaanza kukutana chini yake. Siku ya Askofu kuja kutabaruku kanisa ikapangwa, na chuoni ikasemekana kwamba muhula ujao yeye ndiye atakayekuwa mkuu wa kitivo.

Ijumaa kabla ya sherehe alikuwa akifundisha somo la uzito wa paa. Alitafuta mfano, na majivuno yakamletea ule wa kanisa lake mwenyewe. Akalichora ubaoni. Akaweka uzito wa vigae. Akateremka mstari baada ya mstari, mpaka chaki ikasimama. Uzito ulikuwa umeuzidi uwezo wa mbao. Mwanafunzi mmoja mwenye huruma akasema: "Mwalimu, labda umekosea kuandika?"

Akamjibu: "Nimekosea, lakini si hapa ubaoni. Nimekosea kanisani."

Alikwenda moja kwa moja kwa paroko, vumbi la chaki likiwa bado mikononi. Paroko alikuwa akijaribu vazi jipya. Alimsikiliza, akaketi, akasimama tena. "Binti, mialiko imetoka. Askofu hata hotuba ameshaandika!"

"Basi, Baba, ataisomea uwanjani. Ndani haingii mtu. Na atakayewaambia watu ni mimi, usinisemee."

Siku ya Jumapili alisimama mbele ya Askofu, mapadre, wakuu wa chuo na mtaa wote, chini ya turubai lililofungwa harakaharaka, akasema: "Niliulizwa nikajibu bila kupima. Paa linabeba mzigo lisiouweza. Kosa ni langu, si la mafundi, wala si la mama zangu." Maneno ni hayo tu. Alishuka, na watu wakampisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba sufuria ya moto.

Ulimi hauna mfupa. Kuanzia jioni ile mtaa ulisema uliyoyataka. "Shahada rundo, paa moja limemshinda!" Wengine waliuliza kama alisomeshwa au alifugwa. Chuoni ukuu wa kitivo ulipewa mwingine, tena kwa barua fupi. Wateja wa baba yake hawakukosa la kusema: "Kinyozi, si ushushe hivyo vyeti tupate pa kutundika kofia?"

Mzee alimaliza kwanza upande mmoja wa kichwa alichokuwa akinyoa. Kisha akasema: "Kosa kila mtu analo. Huyu wangu amesoma mpaka akajua lake liko wapi, na akawa na uso wa kulitaja mbele ya Askofu. Hicho ndicho nilichowanyolea nyinyi vichwa miaka yote hii. Geuka, nimalizie."

Kazi ya kushusha vigae ilianza Jumatatu. Yeye alipanda ngazi wa kwanza. Waumini walipanga mstari, kigae kikapita mkono hadi mkono, na mwenyekiti wa akina mama akavipokea bila kumtazama usoni. Walipobandua mbao za dari, boriti kuu ikaonekana. Ilikuwa imepasuka katikati, ufa wa kuingiza kiganja. Mwenyekiti alitazama juu, akaweka kigae chini.

"Mwanangu, teremka," akasema. "Teremka kwanza, tusije tukakuzika na hasira zetu."

Tangu hapo aliitwa Mama Ngoja, kwa sababu hakuna swali alilolijibu bila kusema "ngoja nipime." Aliwafundisha wanafunzi wake hivi: "Shule ya chini inakufundisha kujibu. Shule ya juu inakufundisha kunyamaza mpaka ujue, na kusema hadharani ukikosea. Chini ya jibu lako kuna watu wamekaa." Katika mtihani wa mdomo aliuliza daima swali moja lisilojibika papo hapo. Aliyejibu haraka alianguka. Aliyeomba muda alipita. Wajanja waligundua, na mmoja akaitikia kila swali kwa "sijui, nipe muda." Alimwambia kwa upole: "Wewe hujui kwelikweli. Karudie mwaka."

Alikufa mzee, akiwa amepokea sakramenti. Alimwuliza daktari kijana kama ataiona Jumapili. Daktari akasema hajui, aende akaangalie vipimo. Mgonjwa akacheka mpaka akakohoa: "Huyu amesoma." Hakuiona Jumapili.

Kanisa bado halijamwandika kati ya watakatifu wake, maana mambo hayo hayaendeshwi mbio. Lakini muujiza waumini wanao. Kwa hesabu zake mwenyewe, paa lile lilipaswa kuanguka juma la kwanza, juu ya watoto wa mafundisho. Halikuanguka. Alipoulizwa sababu, msomi yule alisema: "Hapo hesabu yangu inaishia," akaenda kupiga magoti.

Basi, mzazi unayejinyima ili mwanao asome, usiombe tu arudi na jina refu. Omba arudi na uso wa kusema kweli inapomgharimu. Nawe uliyesoma, vaa joho lako kwa fahari, ni halali yako. Kanisa lile sasa limeezekwa bati. Mvua ikinyesha Jumapili, mahubiri hayasikiki kabisa; paroko hunyamaza, watu husubiri, na watoto wameketi katikati, pale palipokuwa chini ya ufa, wakichezesha miguu.