Aliyeshika Mwavuli

Mume wa dada yangu ni mtaalamu wa buibui. Nalisema mapema ili usije ukadhani amefanya jambo jingine lolote la maana hapa duniani. Bomba la jikoni lilipoanza kuvuja alilitazama kwa huruma, akasema "pole" sijui alikuwa anamwambia nani, akarudi kwenye vitabu vyake. Nililikaza mimi, msusi, kwa koleo ya kuazima. Lakini hebu muulize buibui ana kucha ngapi kwenye mguu mmoja, uone kama utaondoka hapo kabla ya jua kutua.

Tunakaa nyumba moja. Chumba cha mbele ni saluni yangu, vya nyuma ni vyao, na ukuta wa katikati ni wa mbao tupu, kwa hiyo hakuna linalonipita. Mtaani wanamwita Miguu Minane. Mimi mbele yake namwita shemeji, maana adabu ni adabu. Kazi yake iko kwenye taasisi ya utafiti, katika chumba chenye rafu mpaka darini, na kila rafu imejaa chupa, na kila chupa ina spiriti na wadudu waliochujuka rangi. Buibui si mdudu, atakusahihisha, na hapo mchana wako umekwisha. Humo ndani mna meza mbili. Moja ni yake, ya pili ni ya mwenzake, mtu wa majongoo, tunayemwita Bwana Tai kwa sababu hata siku ya kuhamisha makabati alikuja amevaa tai.

Dada yeye anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Huko wanamwita Mama Pasi. Kwa miaka mingi ameingia na kutoka kwa mlango uleule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza jina alilopewa na wazazi wetu. Hakuwahi kulalamika. Dada yangu si mtu wa kulalamika, na hilo ndilo limekuwa likinichoma, kwa sababu mtu asiyelalamika akiolewa na mtu asiyeona, basi tena.

Wanawake wengine wakipata likizo wanapumzika. Dada alipelekwa msituni. Si msitu wa kutembea mkapiga picha, ni ule wa mvua, ambako nguo haikauki na ruba wanapanda mpaka ndani ya soksi. Kazi yenyewe ni hivi: shemeji anapiga matawi kwa fimbo kama anayekung'uta godoro, na dada anasimama chini ya tawi ameshika mwavuli uliogeuzwa, tumbo juu, ili kila kinachoanguka kiangukie humo. Majani, mchwa, viwavi, maji ya mvua, vyote vinammwagikia mikononi na kichwani. Halafu mwenye fimbo anakuja, anainama, anachagua. Mikono inayouma ni ya mwingine.

Siku moja mvua ilizidi na shemeji akasema wafunge, wamwage vilivyomo, waondoke. Dada akasema, "Ngoja kidogo, kuna mmoja hapa kavaa soksi."

Alikuwa buibui wa kijani, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye miguu myeupe chini ya magoti. Shemeji alipomwona alisahau mvua. Alimtia kwenye chupa, na wiki ile ile, mezani kwao, nami nipo nakunywa chai yao, akamwambia mkewe, "Akiwa mpya kweli, atapewa jina lako. Litaandikwa, na watu wa nchi zote watalazimika kulitamka hivyohivyo."

Dada alivuta bakuli la sukari. Alitia sukari kwenye chai yake mara ya pili, akaikoroga, akainywa yote. Kesho yake wafuaji wote wa hospitali walikuwa wamepata habari. Mtu ambaye hajawahi kujisifia hata mchuzi alisimama katikati ya marundo ya mashuka akawaambia wenzake kuwa kuna buibui atakayeitwa kwa jina lake. Wengine walimcheka. Naye alicheka nao, lakini mimi namjua, alikuwa amelishika lile jambo kwa mikono miwili. Lisingetokea, asingekuwa na uso wa kurudi nao pale.

Sasa, kumtangaza buibui mpya si kazi ya siku moja, eti. Unampima kila kipande cha kila mguu. Unamhesabu miiba. Unaandika macho yake yamepangwaje, lipi kubwa, lipi limegusana na lipi. Na kumbe hata hayo yote hayatoshi, maana buibui hawatambulikani kwa sura. Wanatambulikana kwa sehemu za uzazi. Dume ana vikono vyake viwili karibu na mdomo, jike ana zake chini ya tumbo, na lazima zichorwe kwa kalamu, kila mkunjo, kila ncha. Nilipowaeleza wateja wangu, mmoja alicheka mpaka nikashindwa kumsuka. Mtu mzima, mwenye shahada, anashinda anachungulia sehemu za siri za buibui, na akirudi nyumbani haoni kwamba mkewe amebadilisha nywele. Na nilimsuka mimi, vizuri.

Kazi ilipokaribia kwisha ndipo kichwa kilipomvimba shemeji. Haya niliyapata baadaye kutoka kinywani mwake mwenyewe, kwa hiyo simsingizii. Watu wa kazi ile wana desturi yao: mwenye kumtangaza mnyama hampi jina lake mwenyewe. Hakuna anayekukataza, ila ukifanya hivyo utachekwa mpaka ustaafu. Unaweza kumpa la mkeo, la mwalimu wako, la mlima. Lako, subiri mwingine akupe. Na shemeji alianza kujitazama kwenye kioo na kujiuliza, huyo mwingine atakuja lini?

Hapo Bwana Tai akapata mlango. Walikubaliana kama watoto wanaobadilishana gololi. Wewe nipe buibui wako, na michoro, na vipimo, nimtangaze mimi, nimpe jina lako. Mimi nikupe jongoo wangu mpya, umtangaze wewe, umpe jina langu. Kila mtu amepata, na hakuna aliyejipa. Shemeji akaona amefanya ujanja wa mwaka. Akabeba chupa yenye buibui wa dada, na karatasi zote, akavuka nazo kutoka meza moja kwenda ya pili. Hatua tatu tu za chumba, na ndani yake akamtosa mwanamke aliyeumia mikono msituni kwa ajili yake.

Kazi ya jongoo aliifanya haraka, kwa bidii, na ikachapishwa kwanza. Mpaka leo kuna jongoo mwenye jina la Bwana Tai. Nyumbani, dada akimwuliza, "Vipi yule wetu?" alijibu, "Jina liko njiani," na hakusema la nani.

Siku ya kumtambulisha buibui taasisi ilialika wafanyakazi na jamaa zao ukumbini. Dada aliomba ruhusa kazini, akapiga pasi gauni lake la bluu kama anampigia daktari mkuu, akaja na wafuaji wenzake watano au sita waliotaka kuona kwa macho yao. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo alikuja na mwavuli uleule. Tuliketi mstari wa pili: mimi, dada, shemeji ndani ya koti lililombana, na nyuma yetu akina mama wa mashuka wakinong'ona na kusukumana.

Picha ya buibui ikawekwa ukutani, kubwa kama mlango. Soksi zake zilionekana vizuri. Dada alinishika mkono.

Bwana Tai akapanda jukwaani. Alisema sana, siyakumbuki hata nusu, mambo ya ugumu wa msitu na moyo wa kujitolea. Kisha akasema, "Na sasa jina." Nikamwona shemeji anafunga kifungo cha koti. Akashika kiti cha mbele, akainuka nusu, tabasamu tayari usoni.

Jina likawa la mkurugenzi wa taasisi.

Mkurugenzi akaweka mkono kifuani kama mtu aliyeshtukizwa, ukumbi ukapiga makofi, na shemeji akabaki pale katikati, hajakaa wala hajasimama. Dada hakutazama jukwaani hata kidogo. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Ulikuwa unainuka kwenda wapi?" akamwuliza.

"Miguu tu imekufa ganzi."

"Kama jina lilikuwa langu, wewe ulikuwa unainuka kwenda wapi?"

Jibu lilikuwa limemjaa usoni. Nilijisikia kumpiga kofi, nasema kweli. Nyuma yetu minong'ono ilikuwa imekatika.

Bwana Tai hakuwa amemaliza. Alikuwa mtu wa shukrani, lazima nimpe haki yake. Akafunua karatasi iliyochapishwa akasoma kwamba buibui alipatikana siku ya mvua kubwa, wakati mwandishi, yaani yeye, anapiga matawi kwa fimbo. Yeye, ambaye hajawahi kukanyaga msituni kwa kuogopa ruba. Na kwamba anamshukuru mwenzake wa meza ya pili, akamtaja shemeji kwa jina na ukoo, aliyemshikia mwavuli.

Watu wakageuka kumtafuta. Wakapiga makofi. Na unajua yule mtu alifanya nini? Alisimama. Safari hii mpaka juu. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akapokea.

"Mwavuli niliushika mimi," dada akasema.

"Polepole, watu watasikia."

"Mwavuli niliushika mimi. Hata huo?"

Hakupandisha sauti, ila kwenye mistari yetu wote walisikia. Shemeji akaketi, akaanza kumwelezea ya desturi na ya jongoo, maneno yanagongana, na eti alitaka jina liwe lake kwa faida ya nyumba nzima. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka mawili matatu, akayafuta kwa kiganja, akachukua mwavuli chini ya kiti, tukatoka.

Nje ilikuwa inamwagika. Tulisimama barazani na wale wafuaji, na kiongozi wao, mama mmoja mnene ambaye ndiye aliyekuwa amecheka zaidi siku ile ya kwanza, akakohoa kidogo.

"Mama Pasi," akasema, "kwani jina lako hasa ni nani?"

Dada akamtajia. Yule mama akalirudia polepole, na wengine wakalirudia, mmoja akalikosea, akasahihishwa na mwenzake.

Shemeji akatokea mlangoni na koti lake. Akatazama mvua, akatazama mwavuli, akajisogeza karibu na mkewe kama mtu aliyezoea kufunikwa. Dada akaufungua, akamkabidhi mpini.

"Shika," akamwambia. "Si imeandikwa."

Shemeji akacheka kicheko kikavu, akaona hakuna anayecheka naye, akaushika. Tukaingia barabarani, dada na mimi chini ya mwavuli, yeye pembeni na maji yakimwingia kwenye kola, na wale wanawake nyuma wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani, wote macho kwake. Kabla ya kufika kona akaanza kuuvuta mwavuli upande wake, kidogo kidogo, kwa wizi.

"Huku," dada akasema.

Akaurudisha.