Kizimba Chenye Komeo la Ndani

Yule mbwa nilimchukua ili Mama asirudi kijijini Nyamwaga. Naomba hilo lieleweke mapema, maana majirani zangu hapa Tarime mjini wanadhani nimeanza kujifanya Mzungu.

Mama alikuja kwangu baada ya kulazwa kwa presha. Baba alishafariki, na mimi sikuona sababu ya mama wa umri ule kukaa peke yake katikati ya migomba. Nilimpa chumba chenye dirisha kubwa na televisheni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, begi miguuni, akauliza magari ya Nyamwaga yanaondoka saa ngapi. Wiki zikapita, begi halikufunguliwa. Niliogopa. Niliogopa kupigiwa simu kwamba ameanguka shambani na hakuna aliyemwona mpaka jioni. Nikaleta mbwa mdogo, nikijua mwanamke aliyefuga maisha yake yote hawezi kuacha kiumbe chenye njaa.

Mbwa mwenyewe, kila nikigeuka, analia. Kwenye simu nikapata video ya dada mmoja wa Ulaya anayeongea na mbwa kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitumia hata kwa mchumba. Alisema mbwa apewe kizimba chake, azoeshwe polepole, asione ni gereza. Nikaenda kwa fundi anayechomelea mageti. Alinitengenezea kitu imara, kimepakwa rangi nyeusi, na komeo kubwa. Komeo likiwa ndani.

"Madam," aliniambia nilipolalamika, "mlango unafungwa kwa ndani. Wezi si wako nje?"

Kwa mji ambao watu wake wamekua wakilala sikio moja liko zizini kwa hofu ya wezi wa ng'ombe, ningebishana naye nini? Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu aje.

"Kwetu mbwa analala nje ili watu walale ndani," alisema. "Wako anajifungia komeo. Sasa nani anamlinda nani?"

Basi, kwa kuwa kizimba hakikufungika kwa nje, ilibidi mbwa abembelezwe. Mimi, ambaye wanafunzi wakisikia viatu vyangu darasa zima linanyamaza, nilipiga magoti sakafuni nikitupa dagaa mmoja mmoja: mlangoni, ndani kidogo, halafu kule mwisho. Nilimtandikia kanga yangu isiyofuliwa ili asikie harufu yangu. Nikawa natoka kidogo, narudi, kesho yake nachelewa zaidi. Mama alikaa kwenye kigoda akitazama, nami nikamfundisha kama niko mbele ya ubao. Usiage kwa mbwembwe, Mama, utamtia wasiwasi. Akilia, usirudi, subiri anyamaze ndipo urudi, la sivyo unamfundisha kulia.

"Haya, mwalimu," alisema Mama.

Mbwa akazoea. Akawa anaingia mwenyewe, anajikunja juu ya kanga, mlango uko wazi, halii. Nilijisifu shule nzima. Nikaona na Mama naye ametulia, anamsongea mbwa ugali huku akimsema kwa Kikurya.

Siku moja nikarudi kutoka kazini, Mama hayupo. Jamani! Nilikimbia hadi kijiwe cha bodaboda na chaki bado mkononi, nikiuliza kila mtu. Nikamkuta anarudi taratibu na kabichi chini ya kwapa.

"Umeenda wapi bila kusema?"

"Sokoni. Si ulisema kuaga kunatia wasiwasi?"

Nilidhani ni utani. Wiki iliyofuata alishinda kwa rafiki yake wa kanisani mpaka jua likazama. Halafu akaenda Sirari kwa mama mdogo, akalala huko. Nikampigia simu, nikaanza kulia kama mtu aliyefiwa. Presha yako, Mama, dawa zako, nani atakuangalia.

"Nyamaza kwanza," alisema, akakata.

Nikapiga tena nikilia. Hakupokea. Nikanawa uso, nikanywa chai, nikapiga kwa sauti ya kawaida kabisa kumuuliza hali ya huko. Akapokea palepale, akazungumza vizuri, na kesho yake akarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kinachoendelea ndani ya nyumba yangu. Nikakasirika sana, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia, maana somo lilikuwa langu.

Alhamisi moja nikafika nyumbani, mbwa amelala kizimbani kimya. Chumba cha Mama kimefagiwa. Begi halipo, na dawa zake zote kachukua. Kitandani kwangu kulikuwa na kanga yake, imekunjwa, haijafuliwa. Ilinuka moshi na maziwa. Niliikumbatia nikalia kwa sauti, nikalia mpaka mbwa akatoka kuja kuniangalia, na simu sikuigusa. Nilingoja mpaka pumzi ikakaa sawa, ndipo nikampigia.

Alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Umenyamaza?"

"Nimenyamaza, Mama. Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Jumapili nakuja," alisema. "Nitakuletea maziwa mgando."