Kwetu Hatukusema Kesho

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba jioni hiyo nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi na hakuna kingine. Pombe na mimi hatupatani, muulize yeyote pale Kamakis, huko Ruiru. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki ya rafiki yangu, na yalinipata nyuma ya jikoni ya kilabu cha nyama choma, mahali pa kawaida kabisa penye magunia ya makaa na maganda ya viazi. Shahidi ninaye. Ni paka, lakini ni shahidi.

Mimi ni mpiga gitaa. Siku za kazi nauza vifaa vya stima katika duka moja mjini Thika, na wikendi nashuka Ruiru kupiga mugithi, ule muziki wetu wa watu kushikana mabega na kuzunguka meza kama garimoshi. Ninaupenda, sitadanganya. Lakini moyo wangu uko kwa rock na blues, na hasa kwa solo, pale mwimbaji anapofunga mdomo na gitaa linachukua maneno.

Na katika mambo ya solo mimi ni mgomvi, utanisamehe. Hawa vijana wa kumwaga noti mia kwa pumzi moja sitaki kuwasikia; huo si muziki, huko ni kukatakata sukuma wiki. Napenda mpigaji anayejua kungoja. Ipo solo moja ya blues ambayo jamaa anavuta uzi mmoja tu, noti moja, anaing'ang'ania mpaka unataka kumwambia basi mzee, tumekuelewa, na bado haiachii. Ipo nyingine ya rock inayoanza polepole, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi, halafu anaipata na nyumba yote inawaka. Hizo mbili zimenitoa machozi nikiwa nimeshika sufuria, na sioni aibu.

Lakini ukiniuliza ile ninayoipenda kuliko zote duniani, hutaipata popote ukiitafuta. Iko kwenye kaseti moja nyumbani kwetu Kalimoni, na haina mwisho.

Aliyeipiga ni uncle Njoroge, mdogo wake baba. Mimi sikumwona, maana alikufa kabla sijazaliwa. Alikuwa kijana wa kukamua ng'ombe, na akishamaliza kukamua anakaa kando ya redio kungoja rock ichezwe, aikimbize na gitaa lake la mbao. Uzi wa tatu wa gitaa hilo ulikatika, na kwa kuwa pesa za kununua mwingine hakuwa nazo, aliweka waya wa breki ya baiskeli. Kwa hiyo kwenye kaseti uzi huo unalia kwa mkwaruzo fulani, zzii, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kasoro tupu, lakini ningeutambua mkwaruzo huo hata kaburini.

Sasa sikiliza kaseti yenyewe ilivyo. Kwanza kuna kuku. Halafu gitaa linaanza, linapanda, linashuka kidogo, linapanda tena, na pale hasa linapofika juu, pale unaposhika kiti, sauti ya Cucu, bibi yangu, inaingia kutoka nje: "Njoroge! Ng'ombe!" Naye anajibu, vidole bado viko kazini: "Maitu, nimalizie?" Maitu ni mama yangu, kwa Kikuyu. Cucu anasema: "Utamaliza kesho." Ta! Kaseti imezimwa.

Kijana akaweka gitaa chini kwa adabu, akakamua, akafunga mkebe wa maziwa kwenye baiskeli akaupeleka barabarani. Huko lori likamgonga. Gitaa lake alizikwa nalo.

Unaona basi kwa nini kwetu neno kesho halikusemwa? Hakuna aliyelikataza. Lilikufa tu. Sisi tulisema "kukicha": tutaonana kukicha, shule inafunguliwa kukicha. Wenzangu darasani waliniona mshamba. Na kaseti ikiwekwa, Cucu aliwasikiliza wale kuku, alisikiliza mwanzo wa solo huku akitikisa mguu kidogo, halafu kabla sauti yake haijaingia aliinuka eti anaenda kuangalia kama mlango wa nje umefungwa. Mlango uliofungwa! Miaka yote hiyo sikumwona hata mara moja akikaa mpaka mwisho. Na kitandani hakulala. Alisinzia kwenye kiti chake, nguo amevaa, kama mtu anayengojea kuitwa.

Kitu kingine unapaswa kujua. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na akishapewa huwa ndiye. Si mfano wake, ndiye. Kwa hiyo mimi ni Cucu. Baba yangu huniita maitu tangu nikiwa na nepi, na nilipokuwa mdogo alikuwa akiniomba ruhusa ya kwenda dukani, nami nampa au namnyima kulingana na nilivyoamka. Lakini wanaume wa huku pia humwita dada yeyote maitu wakitaka kumbembeleza. Shika hapo, kwa maana hapo ndipo nilipokosea.

Sasa turudi Kamakis. Ilikuwa Jumapili jioni, giza ndilo linaingia, kilabu kimejaa watu waliotoka kanisani wakapitia nyama. Niko katikati ya wimbo, stima ikapotea. Spika kimya. Mwenye kilabu, mama mmoja wa sauti kubwa ambaye sote tunamwita Madam, alikuwa ameshaniambia wiki hiyo kwamba nikichelewa tena kurudi jukwaani ataniachisha kazi alete kijana wa keyboard. Unajua uchungu wa kubadilishwa na keyboard? Basi nikamwambia ninatoka nyuma kidogo tu kupunga hewa, stima ikirudi nami nimerudi.

Nyuma, juu ya kreti ya soda, alikuwa amekaa kijana. Mwembamba, gumboots, koti la mvua na mvua hakuna. Kando yake mkebe wa chuma wenye mfuniko. Gitaa lilikuwa mapajani, na mahali pale pote palinukia maziwa ya sasa hivi, ya kutoka kwa ng'ombe. Katikati ya moshi wa mbuzi, maziwa!

"Habari ya jioni, maitu," akasema.

"Poa," nikasema, na moyoni nikasema haya, mwingine wa kubembeleza. Nilidhani anatafuta kazi, apigie watu pamoja nami.

"Naweza kukuchezea kitu kidogo?"

"Cheza tu, hata stima hakuna."

Akacheza. Noti ya kwanza nikatabasamu. Ya pili nikaacha. Kwenye ya tatu uzi ulisema zzii, na niamini, nywele zote za mikono zilisimama. Solo yetu! Ile ya Kalimoni, ambayo haijawahi kutoka nje ya kabati la Cucu. Nikajaribu kujidanganya: labda baba alimwazima mtu kaseti, labda kijana ni jirani. Lakini mtu ataiga solo, ataiga vipi waya wa breki? Na zaidi ya yote, alikuwa anacheza vizuri kuliko kwenye kaseti, kwa sababu kaseti imezeeka na yeye hakuzeeka.

Niliogopa? Niliogopa sana. Miguu iliniambia twende. Lakini masikio yalikataa, na mimi siku zote nimekuwa mtumwa wa masikio. Likapanda, likashuka kidogo, likapanda tena, likafika pale juu. Pale pale. Akasimamisha mkono. Akaniangalia kwa macho ya baba yangu kabisa, na sauti ikatoka ya mtoto anayeomba sukari:

"Maitu, nimalizie?"

Na wakati huohuo, Mungu wangu, taa zikawaka na Madam akapaza sauti kutoka ndani:

"We dada! Stima imerudi, kuja! Watu wamengoja mpaka nyama imepoa! Hiyo story yako utamaliza kesho!"

Kesho. Na unajua kijana alifanya nini? Hakulalamika. Aliinamisha kichwa, akaanza kuweka gitaa chini polepole, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Mkono wa kulia ukanyoosha kidole kuelekea mkebe. Hapo ndipo nilipoelewa mimi ni nani kwake. Hakuwa ananibembeleza hata kidogo. Alikuwa anamwita mama yake.

Ningeweza kukimbilia kazi yangu. Badala yake mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito kuliko yangu.

"Kaa chini. Maliza. Ng'ombe angoje."

Akakaa. Akamaliza.

Unataka nikueleze mwisho wenyewe ulivyokuwa, na mimi mwenyewe ningetaka sana. Nakumbuka kwamba sikuutarajia. Miaka mingi nimekaa chumbani kwangu nikibuni mwisho wa solo ile, na kila mara nilikuwa nikiipeleka juu zaidi, kwa makelele. Yeye aliishusha. Aliirudisha chini hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia anayoijua, na noti ya mwisho akaipiga kwenye ule uzi wa breki, akaiacha ilie zzii mpaka ikakauka yenyewe. Kwa mara ya kwanza mkwaruzo ule sikuusikia kama kasoro. Nililia, ndiyo, nililia sana, na nilikuwa na furaha.

"Asante, maitu," akasema. "Sasa wacha nipeleke maziwa."

Akabeba mkebe, akakunja kona ya ukuta. Nyuma ya kona ile hakuna njia, kuna ukuta wa jirani wenye vipande vya chupa juu. Nilikwenda nikaangalia. Hakuna mtu. Niliporudi kwenye kreti, paka wa jikoni alikuwa amefika, analamba sakafu pale mkebe ulipokuwa umewekwa, mviringo mmoja mweupe, anaulamba kwa makini kama mwenye kazi ya kuandikwa. Madam naye akatokea, mikono kiunoni.

"Unaongea na nani huku?"

"Madam, kwani hukusikia gitaa?"

"Gitaa gani? Mimi nimesikia wewe ukisema ng'ombe. Ng'ombe gani na hapa tunauza mbuzi?"

Aliponiona uso, akashusha mikono. Akaniletea maji mwenyewe, akaniambia niende nyumbani nikapumzike, na ya keyboard hakuyataja tena mpaka leo. Watu wa sauti kubwa mara nyingi ndio wenye huruma.

Nikafika Kalimoni. Baba alinifungulia geti akiwa na wasiwasi. "Maitu, cucu wako amekataa kulala. Amekaa na ile kaseti, anasema anakungoja wewe."

Cucu alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa kichwani, kaseti mapajani. Hakunisalimu.

"Alimaliza?" akauliza.

"Nani, Cucu?" Nilikuwa naogopa kumshtua, mama wa umri ule.

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye sukari midomoni. "Usinizungushe. Nilisinzia hapa, nikajisikia nikisema ng'ombe angoje. Nikaamka mdomo uko wazi. Nakuuliza, alimaliza?"

"Alimaliza, Cucu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa."

Vidole vyake vilikuwa vinapapasa kaseti. "Ilikuwa nzuri?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia nimesikia solo nyingi za watu wakubwa wa ng'ambo, na hakuna iliyoifikia ile. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mama aliyeambiwa kwamba chapati zilitosha wageni wote. Halafu akainuka, akaanza kufungua kitambaa akielekea chumbani, kitandani, na mlangoni akageuka.

"Nimechoka mimi. Hayo mengine utaniambia kesho."

Baba alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Alikaa chini palepale kwenye sakafu, mtu mzima, akalia.

Sasa kwetu neno hilo tunalitumia ovyo. Cucu ndiye anayeongoza: atapanda maharagwe kesho, daktari aje kesho, kesho, kesho, mpaka tunamcheka. Analala kitandani na kukoroma. Kaseti anaisikiliza mpaka ile ta! ya mwisho, na akisikia sauti yake mwenyewe ya zamani anaijibu: "Nyamaza wewe, alishamaliza."

Mimi ndiye niliyebaki na kidonda kidogo. Mwisho ule siwezi kuupiga. Ninaamka ukiwa vidoleni, nikishika gitaa umekwenda. Noti ya mwisho tu ndiyo iliyonibakia. Nimeweka waya wa breki kwenye uzi wangu wa tatu, na kila Jumapili nikimaliza kazi naipiga mara moja, zzii, naiacha ikauke. Wateja wanadhani gitaa limeharibika. Paka yule huja mlangoni.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Mtu akikuomba amalizie, mwachie amalize, hata kama nyama inapoa. Na mgeni akikuita mama, au akikuita baba, usikimbilie kudhani anakubembeleza. Jiulize kwanza umebeba jina la nani, ndipo umjibu. Ningekueleza zaidi, lakini Cucu ananiita kutoka nje, ni saa ya kukamua. Nimemwambia, "Cucu, nimalizie?"

Amesema ng'ombe angoje.