Tenti ya Aliye Hai

Mimi hukodisha tenti na viti hapa Lurambi, kwa hivyo habari ya kifo hunifikia hata kabla ya kumfikia mchungaji. Jescah Musimbi alipokuja kwangu Jumatano asubuhi akitaka tenti moja na viti mia, nilimuuliza swali ninalowauliza wote.

"Pole sana. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Wewe leta tenti kwa Mama Lynette kesho saa nane. Na hiyo pole yako kaa nayo."

Ndivyo alivyo. Jescah ni fundi wa nguo, hushona yunifomu za shule karibu na barabara, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Miaka sita iliyopita alirudi kutoka Uarabuni, alikokuwa mfanyakazi wa nyumbani, akiwa na kovu la pasi mkononi na mfuko mtupu. Wengine wangeuficha mkono ule. Yeye hukunja mkono wa sweta makusudi ili kovu lionekane, na kila msichana anayetaka kusafiri humkalisha kando ya cherehani akamsomea mkataba neno kwa neno. Shirika moja lilikuwa likimpa fedha za kazi hiyo, na za kuwarudisha waliokwama. Mwaka jana likamwandikia barua ya shukrani, na fedha zikaishia hapo. Barua ile aliikata akatengenezea patani ya kukatia kola.

Sasa Lynette, binti wa jirani yetu Edah, alikuwa amekwama huko huko. Alitoroka nyumba alimokuwa akipigwa, wakala aliyempeleka huko akamfungia katika chumba pamoja na wasichana wengine. Ubalozi ulikuwa tayari umemwandalia karatasi ya kusafiria. Kilichokosekana ni tiketi; wakala alikubali kumwachilia akiiona. Isipopatikana kufikia Jumatatu, angemrudisha kwa tajiri yule yule aliyempiga. Jescah alizunguka mtaa mzima kwa wiki mbili, na kila mlango aliambiwa hali ni ngumu, tutaona. Hata mimi nilimwambia hivyo, sitaficha.

Na mwezi Machi, mwili wa jirani yetu Wanjala ulipokwama ng'ambo, tuliuchangia siku nne tu ukafika. Najua, kwa sababu tenti zangu zote mbili zilikuwa pale.

Alhamisi nikasimamisha tenti kwa Edah. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwetu tenti ikionekana nyumbani kwa mtu siku ya kazi, watu huchukua kuni na unga wakaja. Walikuja. Kina mama wakawasha moto nyuma ya nyumba, wakaanza kuimba. Mmoja alipiga nduru langoni mpaka Edah akamshika mkono akamwambia anyamaze. Mzee Titus, mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi upande huu, akafungua daftari lake na kuomba picha ya marehemu.

Jescah akasimama. "Hakuna marehemu."

Mzee Titus alifura. "Jescah, umetucheza! Tenti ni ya matanga!"

"Nimemwambia nani kuna matanga? Mliona tenti, mkakuja. Wanjala akiwa maiti, mlichanga siku nne. Huyu mtoto bado anapumua, mnaniambia hali ni ngumu. Mnangojanga nini, Mzee? Aingie kwa sanduku ndio mumpende?"

Watu wakaanza kuinuka. Nilikasirika pia, tena sana, maana hakuna anayependa kuaibishwa chini ya tenti yake mwenyewe. Nikaanza kukusanya viti vyangu. Jescah hakubembeleza mtu. Alitoa simu, akapiga, akaiweka sauti juu, akaiinua hewani kwa ule mkono wenye kovu.

Kule nyuma kina mama walikuwa bado wanaimba wimbo wa mazishi, hawakuwa wamesikia lolote. Sauti ya Lynette ikatoka, ndogo, ya mtu anayejificha.

"Senje," akasema, vile tunavyomwita shangazi, "hao wanaimba kwetu? Nani amekufa?"

Edah alijifunika uso kwa leso. Mzee Titus alivua kofia, akaigeuza, akawa wa kwanza kutumbukiza mchango.

"Kamati ikae," akasema.

Nikarudisha viti. Niliona haya, nikachanga pesa ya kukodi tenti na nyingine juu yake. Jua halijatua, tiketi ilikuwa imepatikana.

Lynette alifika Jumapili. Jumatatu, siku ile aliyokuwa arudishwe kwa tajiri, alikuja uani kwangu na Jescah. Alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti. Aliuliza kama tenti iliyokuwa kwao ni hii, nikamwambia ndiyo. Akashika kitambaa chake.

"Ankoli," akasema, "kwa kile chumba nimeacha wengine watatu."

Nilimtazama Jescah. Alikuwa ameshakunja sweta.

Sikumuuliza nani amekufa. Niliuliza viti vingapi.