Mkono Uliosemekana Kuua Maharage

Ipo asubuhi moja inayonijia hata leo, mwanangu, hasa ukungu unaposhuka na kulala juu ya mashamba. Nilikuwa mke mpya hapa Nyamigogo, nimeolewa kutoka Shinyanga, Kisubi, lugha ya hapa, sikijui, Kiswahili chenyewe nakiokoteza. Mume wangu alikuwa amekwenda vitani, ng'ambo ya Mto Kagera. Nikabaki na mama mkwe, na shamba la kijiji cha ujamaa, ambako kila mwanamke alipimiwa kipande chake cha kupanda maharage.

Yalipoota, vipande vya wenzangu vilifunika udongo. Changu kilikuwa na mapengo. Basi maneno yakaanza kisimani, kwamba nina mkono unaoua mbegu. Nikifika, wananyamaza. Mwishowe balozi wa nyumba kumi akaja uani, akakataa hata kigoda, akamwambia mama mkwe, "Mama, huyu arudi kwao. Mwanao akitoka vitani atamfuata." Nilikuwa na mimba changa, mwanangu.

Mama mkwe alikuwa mtu wa kusema polepole, ungeweza kusinzia kati ya neno na neno. Akasema, "Huenda mkono wake ni mbaya. Lakini kwanza tuuchukulie kuwa ni mkono kama wa wengine, halafu tuone kama maharage yatatukatalia."

Akamwaga mbegu kutoka gunia moja kwenye ungo, akazichanganya hadi nikachoka kumtazama. Akawaita majirani watano, na mimi. Kila mmoja alichota ishirini akiwa amefumba macho, tukavuta vijiti kujua nani apande tuta lipi nyuma ya nyumba, udongo mmoja, mvua moja. Kisha akamtaka balozi aseme mbele ya watu, yakiota mangapi kwenye tuta langu ndipo nifukuzwe? Balozi akataka asubiri aone kwanza.

"Ukishaona," mama mkwe akacheka, "utausogeza mpaka huo ufike unapopataka wewe. Mbegu ishirini za namna hii huota kama kumi na sita. Mara hupungua, mara huzidi. Lakini chini ya kumi na mbili kwa bahati mbaya tu, hilo ni la nadra sana." Wakakubaliana hapo. Chini ya kumi na mbili, nirudi kwetu.

Siku zile nilitembea kama mtu aliye usingizini. Nikifumba macho kidogo tu wakati wa kupepeta, nayaona maharage yakipasua udongo, yameinamisha vichwa.

Asubuhi ya kuhesabu, ukungu umelala juu ya matuta, langu lilikuwa limetoa kumi na manne. Si mengi. Jirani mmoja aliyesifiwa kwa mkono wake alipata kumi na matatu, mwingine kumi na tisa, na mbegu ni zilezile. Balozi alizunguka matuta kwa muda, akasema, "Basi mkono wake ni mzuri."

"Sikusema hivyo," mama mkwe akamjibu. "Nasema hatujaona sababu ya kumfukuza."

Nikabaki. Mapengo ya shambani hata leo sijui yalitoka wapi, labda mchwa, labda kweli nilizifukia mbegu chini mno. Mtoto wangu wa kwanza alipoanza kutembea ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza, "Mama, ingekuwa kumi na moja je?"

Aliendelea kumenya ndizi. "Ningekufungia mzigo mwenyewe," akasema. "Ningelia njia nzima hadi kwenye basi. Na pengine ningekuwa nimekuonea, maana hata mkono mwema kuna siku huangukia hapo."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama yule siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa shutuma juu ya mtu, anza kwa kumchukulia kuwa mtu kama wengine. Usihukumu kwa pengo moja, changanya mbegu, tazama nyingi. Sema mapema utaamini lini, kabla macho hayajaona. Usipoona kosa, usiseme umeona wema. Na ukilazimika kumfukuza mtu, mfukuze ukijua kwamba huenda umekosea. Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, akujalie watoto. Na siku watu watakapokushuku wewe, akupe mtu anayekupenda ambaye hata hivyo atakupima kwa haki.