Mbwa Asiyetaka Mwalimu Aamkiwe

Mama yangu, Mwalimu Elinipa, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane, na sijawahi kusikia mtu akimsifu kwa hesabu wala kwa Kiswahili alichofundisha. Anasifiwa kwa shikamoo. Mpaka leo, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne akipita mbele ya nyumba yetu pale Nkoaranga bila kumwamkia, anaitwa kwa jina lake la darasani arudi. Akiamkia kwa kunong'ona, anaambiwa arudi mpaka getini aje tena. Watoto wa mteremko mzima wanamwita Mwalimu Rudi-Uje-Tena. Anajua, na anajitia hamnazo.

Mimi ni Violet, binti yake wa pekee. Nafanya kazi kwenye duka la dawa mjini Arusha, na kosa langu kwake ni moja tu: nilimletea mbwa.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye nyumba yenye migomba mbele na kahawa nyuma, na wezi wakaanza kumkatia mikungu ya ndizi. Nilimsihi aje akae kwangu mjini. Akaniuliza migomba nayo itakaa chumba gani. Basi nikaenda kwenye kituo kimoja nje ya mji, wanapotunza mbwa waliotelekezwa, nikachagua dume moja la rangi ya kahawia, kifua kipana, sikio moja limekatika ncha. Wakaniambia anaitwa Bosi, amehasiwa, amechanjwa, na zamani alikuwa mbwa wa kampuni ya ulinzi iliyokwisha kufungwa. Alinilazia kichwa gotini nikayeyuka. Ningejua, ningenunua kufuli.

Wiki ya kwanza Bosi alimchania suruali kijana aliyeleta samadi. Wiki ya pili alimwangusha mtoto wa jirani pamoja na unga aliotoka kusaga. Wiki ya tatu mwinjilisti mmoja, kijana mpole asiye na neno na mtu, alikuja kusali na mama, na sala yenyewe akaimalizia juu ya mparachichi. Kila likitokea jambo nilipigiwa simu mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuma. Nikiwa nahesabu vidonge vya mtu, simu inalia: mbwa wako. Alipokuwa anakamata panya alikuwa mbwa wake. Akichana suruali ni wangu.

Ningevumilia kama jambo lenyewe lingekuwa na kichwa na miguu. Mzee Jamaldini, mnunuzi wa ndizi, rika moja na mama, alikuwa akiingia na panga mkononi, anauliza "Salama hapa?" na Bosi anatikisa mkia. Gerson, kijana wa nyumba ya juu, anayepita uani kwetu na vifaa vyake masikioni bila kumsalimu hata kuku, alikuwa akilambwa mikono. Hilo lilimuuma mama kuliko suruali zote. Aliniambia nimemletea mbwa anayechukia watu wenye adabu. Nilimjibu kwamba mbwa hajui adabu ni nini. Akasema wa kwake anajua, ila haitaki.

Kumkemea hakukusaidia kitu, kulizidisha. Mama alikuwa akimwinulia kidole na kumfokea, "Shika adabu yako!" na Bosi ndipo anapopanda wazimu kabisa, anazunguka uani akitafuta cha kurarua. Siku moja alirarua shuka kwenye kamba. Hata simu yangu hakuitaka. Mama husikilizia kwenye spika kwa sababu ya masikio yake, basi mimi nikisema tu shikamoo mama, nasikia vurugu, viti vinaanguka, na simu inakatika. Simu hiyo mpaka leo ina alama za meno kwenye kona. Mama alitoa hukumu kwamba mbwa ananichukia mimi kwa kumtoa kwenye raha zake.

Ushauri ulimwagika kutoka kila kona ya mlima. Mlishe pilipili. Mfungie gizani mchana. Bwana mifugo alimkagua mdomo na macho, akasema mnyama ni mzima kuliko sisi. Wale wa kituoni walinielekeza kwamba kila mgeni apewe kipande cha nyama amrushie mbwa kabla ya kuingia, ili ajifunze kwamba wageni ni jambo jema. Nilimpelekea mama nyama na maelekezo.

"Mgeni aje kwangu, nimpe nyama, naye ampe mbwa," alisema. "Halafu mgeni mwenyewe nimpe nini?"

Nikaondoka nimechoka mpaka nikachoka tena.

Kisha likaja la Esther. Huyu ni mke wa jirani wa chini yetu, ameolewa hapo miaka mitatu tu, na kila asubuhi, mama akishamfungia Bosi stoo, huleta kidumu cha maziwa, akaketi, wakanywa chai na mama mpaka jua linapopanda. Nisidanganye: Esther ndiye aliyekuwa akimfanya mama aseme maneno zaidi ya ishirini kwa siku. Asubuhi ile Bosi hakuwa amefungiwa, na Esther jino lilikuwa likimsumbua, shavu limevimba, akaamkia kwa kumumunya. Mama, kwa utani, akamwambia arudi getini aje tena. Esther akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akarudi, akaamkia kwa sauti kama yuko kwenye kwaya. Bosi akamkamata kigimbi cha mguu wa kushoto.

Alisafishwa kidonda hospitali, akaanza na sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, ingawa kadi ya chanjo ya Bosi ilikuwepo. Mumewe hakwenda kwa mama. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, Ezra Sumari, na mwenyekiti akatoa neno: Jumamosi anakuja na bwana mifugo, mbwa apigwe sindano ya mwisho.

Nilitegemea mama atashukuru. Badala yake aliponipigia Jumatano sauti yake ilikuwa ndogo. Aliniambia Esther haji tena, wala mwingine yeyote haji, kwamba watu wanapita njia ya juu wakizunguka na mizigo kichwani. Halafu akasema kwamba usiku Bosi hulala mlangoni pake, na tangu baba afe hajalala usingizi kama wa miezi hii miwili. Wakimuua, alisema, asiletewe mbwa mwingine, wala paka. Nilikasirika hata sijui namkasirikia nani. Miezi miwili ya malalamiko, kumbe anampenda!

Nilirudi kituoni siku ile ile, nikawaambia wanipe mtu yeyote aliyewahi kuishi na huyu mnyama. Walichimbua karatasi wakapata namba ya Koikai, Mmasai aliyekuwa mlinzi kwenye ile kampuni na ndiye aliyekuwa akizunguka na Bosi. Nilimpigia nimesimama palepale, nikammwagia yote, suruali, unga, mwinjilisti, simu, mguu wa Esther. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameuliza.

"Dada, hao anaowakamata, wakifika wanasema nini?"

"Wanasema nini kivipi? Wanaamkia kama watu. Wanasema shika..."

Nikajisikia mwenyewe.

"Tulimfundisha maneno mawili," Koikai akasema, wala hakucheka. "Ukisema shika, anashika. Ukisema basi, anaacha. Huyo hana ukali, dada. Huyo ni mtiifu."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuwauma watu huko kazini. Akanijibu kwamba kule walinzi wote walikuwa vijana, salamu yao ilikuwa mambo, jibu poa, na wakubwa wa kampuni hawakushuka kwenye gari. Bosi hakuwahi kuishi mahali penye mtu wa kuamkiwa. Mimi nikamtoa huko, nikampeleka nyumba ya mwanamke anayeamkiwa kuliko wote Nkoaranga nzima, tena kwa sauti, tena mara mbili. Kila mtoto mwenye adabu alikuwa anafika getini anaamrisha kuumwa kwake mwenyewe. Na mama akimkemea ashike adabu, mbwa wa watu anaitafuta hiyo adabu iko wapi aishike. Koikai alisema neno linaweza kumtoka, yuko tayari kuja kumfundisha upya, lakini ni kazi ya miezi, na katika miezi hiyo neno hilo lisitamkwe karibu naye hata mara moja.

Jambo hilo sikumweleza mama kwenye simu. Ijumaa nilitoka kazini mapema, nikafika Tengeru, nikapanda bodaboda mpaka juu, nikaingia getini nimebana mdomo. Mama aliona nimeingia bila kumwamkia, akavuta pumzi ya kunirudisha. Nikaweka kidole mdomoni, nikamvuta mpaka jikoni, nikafunga mlango, nikamweleza kwa kunong'ona kama mwizi.

Nilidhani atacheka. Mimi nilikuwa nimecheka bodaboda nzima, kicheko kile kibaya cha mtu aliyechoshwa. Mama aliketi kwenye kigoda, akashika magoti.

"Esther nilimrudisha mimi," alisema. "Mara ya kwanza mbwa hakusikia. Nikamrudisha ili aseme vizuri."

Nilichemsha chai, nikammiminia kikombe.

Jumamosi Ezra Sumari akafika na bwana mifugo mwenye mkoba. Bosi tulikuwa tumemfunga kwa mnyororo kwenye mgrevilea. Ezra ni mwenyekiti, ana mvi, lakini aliwahi kukaa dawati la mbele la mama, na mdomo wake ukaanza kufunguka wenyewe.

"Ezra, nyamaza," mama akamwambia.

Alinyamaza, amepigwa na butwaa. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mama kumzuia mtu kumwamkia. Tulipomweleza, Ezra alimtazama bwana mifugo, bwana mifugo akamtazama mbwa, na nikaona wazi kwamba wanadhani tumekubaliana uongo. Mama akamwambia ajaribu, aseme lolote analotaka. Ezra akajikohoza akasema habari za asubuhi. Bosi akapiga miayo. Akasema Bwana asifiwe, akasema karibu, akasema kahawa. Hakuna kitu. Mwishoni akasogea nyuma hatua tatu, akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Mnyororo ulikazika mpaka mti ukatikisika. Bosi alisimama kwa miguu ya nyuma, meno yote nje, na bwana mifugo akajikuta nyuma yangu.

"Basi," mama akasema.

Bosi akakaa chini, akamgeukia mama kusubiri la pili.

Ezra alijifuta uso. Akasema sawa, ameona, lakini yeye ana watu zaidi ya mia nne kwenye kitongoji chake, na mtoto mmoja akisahau ni mguu mwingine. Hawezi kumwacha mbwa mpaka kila mtu ajue. Na yeye kama mwenyekiti hawezi kutangaza kwamba Mwalimu Elinipa asiamkiwe, kwa sababu hakuna atakayemwamini.

"Fimbo ya mkono wa kulia nilikula kwa hiyo hiyo shikamoo," alisema. "Labda uwaambie wewe mwenyewe."

Alimpa mpaka kesho yake baada ya ibada.

Mama alizunguka nyumba jioni nzima. Alifagia palipokuwa safi, akanigombeza kwa kukata vitunguu vinene, akamgombeza Bosi kwa kumfuata, kisha akamwita amfuate. Nilijua kinachomtafuna. Ana pensheni, ana migomba, lakini kitu alicho nacho ambacho ni chake hasa ni ile salamu. Akitembea mpaka kanisani anaamkiwa mara arobaini, na ndivyo anavyojua kwamba bado yupo. Nilitaka kumwambia tumwache mbwa afe, yaishe. Nilishindwa.

Jumapili, wakati wa matangazo, mama alisimama. Alikwenda mbele na kitenge chake cha zambarau, akasubiri mpaka watoto waliponyamaza, akaeleza jambo zima bila kutia chumvi. Wa nyuma wakaanza kucheka. Aliwatazama tu, wakaacha.

"Kwa hiyo kuanzia leo, ukifika kwangu usiniamkie," alisema. "Atakayeniamkia nitamrudisha." Hapo akacheka hata mchungaji. Mama hakucheka. Alimtafuta Esther kwa macho mpaka akampata, upande wa akina mama, mguu umefungwa bendeji. "Esther, mwanangu, kosa si la mbwa. Ni langu. Nisamehe."

Mimi nina miaka arobaini na moja na sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Esther aliinamisha kichwa, na sikuweza kujua amekubali au amekataa.

Bosi hakupigwa sindano. Koikai anakuja kila Jumanne, na kazi inakwenda polepole kama alivyoonya. Kitongoji kizima kimechanganyikiwa. Wanaofika kwa mama wanasema habari, wanasema Bwana asifiwe, wanasema "mambo" halafu wanaona aibu, na mama anawajibu kwa sura ya mtu anayemeza kwinini. Gerson peke yake ndiye hajabadilika.

Wiki ya tatu baada ya tangazo lile nilikuwa likizo, nimekaa barazani nachambua maharage, mama yuko kwenye kiti chake, Bosi miguuni pake. Esther akatokea kwenye njia, anachechemea kidogo, kidumu cha maziwa mkononi. Alisimama getini. Alimtazama Bosi, Bosi akamtazama. Nikaacha maharage. Nilisubiri aseme habari, au Bwana asifiwe, au lolote kati ya yale tunayoungaunga siku hizi.

Hakusema kitu. Aliweka kidumu chini, akabana midomo, akapiga goti taratibu, kwa ule mguu wenye kovu, akabaki hivyo hivyo.

Mama aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Ingia, chai inapoa."