Siku ya Pasaka Nililiogopa Kaburi Tupu

Nilikosa. Nataka neno hilo litangulie, maana najijua: nikianza na sababu nitamaliza karatasi nzima nikijitetea, na nyinyi wasomaji wa gazeti letu mtanihurumia. Msinihurumie kwanza. Nisikilizeni.

Mimi ni katekista. Kwa zaidi ya miaka ishirini ninaongoza sala katika kapela ndogo ya udongo upande wa Kabambare, mwendo wa siku moja na nusu kutoka misheni. Kila Pasaka nimewaambia watu kwamba Kristo amefufuka na kwamba kifo hakina nguvu tena. Ninalisema vizuri. Watu walikuwa wakitoka wanaambiana kwamba leo Mwalimu amesema kweli kweli, na mimi nilikuwa napenda kusifiwa hivyo.

Mambo haya ni ya wakati wa vita ile ya Wazungu, Serikali ilipotaka mpira. Nyinyi mliokuwa watu wazima mnakumbuka. Kila mwanaume alipelekwa msituni kukata mpira, majuma kwa majuma, na aliyerudi na kikapu chepesi alilazwa chini mbele ya mke wake na watoto wake akapigwa fimbo. Sisi makatekista hatukwenda. Jina langu halikuwa katika orodha ile, nami nilijua vizuri sana bahati hiyo ilivyokuwa tamu.

Katika kapela yetu alikuwako kijana mmoja, nitamwita Simoni. Simoni aliumwa kifua. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Mara mbili alirudi na kikapu chepesi, mara mbili akapigwa. Safari ya tatu ilipokaribia, mama yake alinijia mchana, nikiwa naanika muhogo. Huyo nitamwita Mama Anyesi. Ni mjane, na kwa watoto wake wote alikuwa amebakiwa na Simoni tu.

"Mwalimu, kama wanamurudisha kule atakufa," akaniambia. "Weye unaandika kitabu ya wafu. Andika yeye."

Alijua anachosema. Kila mwezi karani wa sultani wetu alipita kwangu, akafungua kitabu changu cha maziko, akanakili majina ya waliokufa ili yafutwe katika orodha ya mpira. Niliyemwandika mimi kuwa amekufa, Serikali ilimwacha.

Nikakubali. Nilikubali kwa huruma, na pia, niseme kweli, kwa sababu ilinipendeza kuona kalamu yangu ina nguvu kuliko fimbo ya kapita, msimamizi wa kazi ya mpira. Tulikata mgomba, tukaufunga ndani ya mkeka, tukauzika. Nikasali juu yake sala zote za maziko, na maneno ya ufufuko niliyatamka bila kupepesa jicho. Simoni mwenyewe alikuwa amekwisha kuvuka mto Luama, anakamua mawese kwa wajomba zake. Tuliojua tulikuwa watatu tu: yeye, mama yake na mimi.

Padri alikuja kuniambia baadaye kwamba hata hilo lilikuwa kosa. Sawa, nimekubali. Lakini silo linaloninyima usingizi.

Miezi ikapita, ikaja Pasaka. Mwaka ule mito ilijaa, watu wakashindwa kwenda misheni kwa misa, kwa hiyo kapela yangu ilijaa mpaka nje. Nilisimama kusoma habari za wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi. Nilipoinua macho niliona watu watatu mlangoni, kapita na askari wawili, na askari mmoja ameshika jembe.

Jembe, siku ya Pasaka! Nilielewa palepale.

Hawakuingia. Kapita alivua kofia yake, akaegemea mti wa mlango, akangoja. Afadhali wangeingia wakanikamata, lakini walingoja, na mimi ilinibidi niendelee. Nikasoma kwamba jiwe lilikuwa limeviringishwa. Jasho likanitoka mgongoni. Nikasoma kwamba waliingia na hawakuuona mwili. Sauti ikanikauka, na watu wakadhani ninalia kwa furaha ya sikukuu, hata mama mmoja akapiga kigelegele.

Nikairefusha ile sala. Nilianzisha wimbo, nikaanzisha mwingine. Nikaombea wasafiri, nikaombea wagonjwa, nikaomba mvua, na mvua tulikuwa nayo mpaka imetufungia njia. Nilikuwa namtafutia Mungu kazi ili nisitoke mle ndani.

Mwishowe nikaishiwa. Watu wakatoka, nami nikatoka.

"Mwalimu," kapita akasema mbele ya wote, "iko mutu ameona Simoni ng'ambo ya Luama. Anakamua mawese. Mufu anakamua mawese namna gani?"

Hakuna aliyecheka.

"Weye uliandika kama amekufa. Maiti yake uliiona kwa macho?"

Niliifikiria fimbo. Nililifikiria gereza la Kasongo. Nililiona jina langu likiandikwa katika orodha ya mpira, na mgongo wangu mwenyewe chini ya fimbo mbele ya wanafunzi wangu wa katekisimu. Kristo sikumfikiria hata kidogo, na nilikuwa nimetoka kumtangaza sasa hivi, kitabu bado kiko kwapani.

Nikasema, "Sikuona. Mama yake alileta mkeka umekwisha kufungwa. Mimi niliandika alichoniambia."

Kapita akamgeukia Mama Anyesi. Alikuwa amesimama kati ya wanawake, nguo yake ya sikukuu imefuliwa vizuri. Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Mgomba ule tuliubeba pamoja, yeye kichwani, mimi miguuni, kama mnavyobeba maiti. Alinitazama kidogo, wala si kwa hasira, halafu akasema:

"Mwalimu anasema kweli. Hakujua kitu. Ni miye peke yangu."

Wakafukua. Mgomba ulikuwa umeoza, mkeka bado mzima. Watu walisogea wakachungulia, wakarudi nyuma. Muda mfupi tu ulikuwa umepita tangu tuimbe kwa ajili ya kaburi tupu la Bwana, na sasa hili letu lilipofunguliwa nilitamani lifukiwe nami nikiwa ndani.

Mama Anyesi akafungwa kamba, akapelekwa Kabambare, awekwe huko mpaka mwanawe ajitokeze. Simoni alijitokeza siku ya nne. Hakuna aliyemkamata, alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akaomba mama yake aachwe. Alipigwa, akarudishwa msituni. Mvua zilipokwisha na kuanza tena, wenzake walirudi na habari kwamba amekufa na wamemzika kando ya njia. Safari hii ilikuwa kweli.

Mama yake alinijia mara ya pili. Aliomba jambo moja tu, nimsalie mwanawe. Nikamjibu, Mungu anirehemu, "Mama, jina lake limekwisha kuandikwa. Nikisali sasa, watu watauliza upya habari za mgomba." Akainuka akaenda zake. Hivyo Simoni hakusaliwa. Sala zake nilikuwa nimezimalizia kwenye mgomba.

Na bado sijafika kwenye kosa lenyewe.

Kwa sababu ya uongo ule kijiji chote kiliadhibiwa. Kila mwanaume aliongezewa kikapu. Watu wakamgeukia Mama Anyesi. Walisema yeye ndiye aliyewaletea taabu, tena amemdanganya mwalimu wa Mungu. Hakuna aliyempa moto. Hakuna aliyemwita kwenye ndoa wala msiba. Akifika mtoni, wanawake wengine wanabeba mitungi yao hata kama haijajaa. Ndani ya kapela anakaa kwenye benchi peke yake. Mimi niliyejua yote nilisimama mbele yao kila Jumapili nikawafundisha upendo, miaka kumi na minne.

Tena watu walinipa pole! Waliniletea kuku, eti yule mwanamke ameniharibia jina kwa wakubwa. Kuku hao nikawapokea, nikawala.

Kwaresima hii nilikwenda misheni kuungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama yule mama nimekwisha kumwambia. Nikasema bado. Hapo nikajua la kufanya.

Nilimkuta mlangoni kwake anabangua karanga. Nikapiga magoti. Hakuniinua wala hakunifukuza, aliendelea na karanga zake mpaka nilipomaliza kusema. Kisha nikamwuliza jambo lililonitafuna miaka yote.

"Mama, siku ile kwa nini ulinificha? Hukuogopa?"

"Niliogopa," akasema. "Magoti ilikuwa inatetemeka. Lakini weye ulikuwa umesoma sasa hivi kama Bwana amefufuka. Nikasema, basi, wakinipiga nikakufa, miye nitafufuka, na mutoto wangu atafufuka. Si weye ulitufundisha?"

Akabangua karanga nyingine, akaendelea:

"Miye nilisadiki, Mwalimu. Nilizani na weye unasadiki."

Mniamini, fimbo za Kabambare zingeniuma kidogo kuliko maneno hayo. Hakuyasema kunichoma. Alishangaa tu, kama mtu aliyeonyeshwa njia na mwenzake, akafika, akageuka, akaona mwenzake hakuifuata.

Nikamwomba anisamehe. Akasema alinisamehe zamani, kabla hajafika Kabambare. Halafu akaweka ungo chini.

"Lakini watu wananiita muongo. Miye niko muzee sasa. Siku nitakufa, nani atakuja kunibeba?"

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mwanamke huyu ameishi ufufuko nilioufundisha mimi, na sasa hana watu wanne wa kumfikisha kaburini.

Nilikuwa nadhani ufufuko ni habari ya makaburi na ya siku ya mwisho, neno la kuwatuliza wafiwa. Nilikuwa nawaeleza watoto jinsi mitume walivyojifungia ndani kwa hofu, na jinsi walivyotoka nje kusema bila kuogopa fimbo wala gereza baada ya kumwona Bwana yu hai. Niliwatahini watoto juu ya sura hiyo, na aliyekosea nilimrudisha nyumbani. Mimi mwenyewe nilitoka mlangoni siku ya Pasaka na hofu yangu yote. Ufufuko ulikuwa unaniuliza pale nje, mbele ya kapita, kama nitasema kweli au la. Nikasema la.

Leo ninasadiki, tena kwa kutetemeka. Maana kama wafu watafufuka, basi Simoni atafufuka, na ana macho, na tutaonana.

Najua mtasema: barua haina jina, bado anajificha. Mna haki. Lakini gazeti litakapowafikia Pasaka itakuwa imepita, na nimekwisha kuamua. Siku hiyo, nikiisha kusoma, kabla ya wimbo, nitasema haya yote kwa mdomo wangu mbele ya watu wa kapela yetu, Mama Anyesi akiwa palepale kwenye benchi lake. Huenda nitanyang'anywa kitabu. Huenda Serikali nayo itaniita. Ninaogopa, siwafichi. Usiku siwezi kulala. Nitasema hivyohivyo nikiwa na hofu yangu, kama yeye alivyosema na magoti yake.

Nawaomba nyinyi mnaofundisha wengine, katekista mwenzangu, baba unayesali na watoto wako, mama unayemfariji mfiwa: msilitamke jina la Ufufuko ili msifiwe. Kule nyuma ameketi mtu anayekusikiliza na kuamini kila neno. Siku ya taabu atalifuata neno lako mpaka mwisho, na wewe utakuwa umemwacha aende peke yake.